Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuiacha Dhambi Ile Ile Unayoitubia Kila Wiki

Swali huwa lile lile: "Mtumishi, nimetubu, nimefunga, nimeombewa, na bado nimerudia." Anayeuliza si mtu wa mchezo. Amelia kweli na ameahidi kweli, lakini siku kumi hazijaisha yuko pale pale.

Nimewasikiliza wengi wa namna hiyo, na mwenyewe nimekuwa mmoja wao. Kosa ninaloliona karibu kila mara ni kwamba tunaanza kupigana tukiwa tumeshachelewa. Tunangoja tufike chumba cha ndani kabisa, taa imezimwa, ndipo tuanze kutafuta mlango. Hatua nyingi hapa chini zinafanyika saa ambazo hujaribiwi kabisa, umetulia, pengine umetoka ibadani na moyo mweupe. Ndiyo maana watu huziruka. Usiziruke.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Usitumie simu. Kwa wengi wetu simu ndiyo eneo lenyewe la tukio.
- Biblia, ya kusoma kwa utulivu, si ya kufungua ukiwa umeshashikwa na hofu.
- Dhambi moja. Najua unazo zaidi. Chagua ile inayokurudia kuliko zote, nyingine zitangoja zamu yake.
- Mtu mmoja. Utamwendea hatua ya tano, ila anza kumfikiria sasa.
- Wiki nne.

Kitu kimoja hukihitaji: nadhiri mpya. Mhubiri sura ya 5 anasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na wewe tayari una rundo la nadhiri zilizovunjika. Kila mpya inaongeza aibu, na aibu humfanya mtu ajifiche.

## Hatua ya 1: Iandike kwa jina lake

Fungua daftari, andika dhambi hiyo kwa neno ambalo ungelitumia kama angekuwa ameifanya mtu mwingine.

Hapa ndipo ujanja wetu wote ulipo. Anayesengenya huandika "nashirikisha mahitaji ya maombi". Aliyechukua fedha ya kikundi huandika "nilikopa kidogo". Mwenye hasira huandika "mimi ni mtu wa kusema ukweli". Nami kwa miaka nilisema "natuliza watu", kumbe nilikuwa naongopa.

Sababu ya hatua hii ni ya kawaida tu: huwezi kuvizia kitu usichokijua sura. Mithali 28:13 inatenganisha watu wawili, afichaye dhambi zake na yeye aziungamaye na kuziacha. Kuungama kunatangulia kuacha. Jina la kupamba ni njia ya kuficha, hata kama hakuna mwingine anayelisoma daftari.

Sentensi iwe fupi, ianze na "Mimi": "Mimi naongopa kwenye simu ninapochelewa." Ikikukera kuisoma, umeipata. Ikisomeka vizuri kama ushuhuda, ifute uandike upya.

## Hatua ya 2: Rudi nyuma kwa nyayo zako

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, itengee jioni nzima.

Chukua mara ya mwisho ulipoanguka. Andika tendo lenyewe chini kabisa ya ukurasa. Juu yake andika kilichotangulia, dakika tano kabla. Juu ya hicho, saa moja kabla. Endelea kupanda mpaka ufike mahali ambapo ulikuwa huru kabisa, hujavutwa na chochote, na ungeweza kugeuka bila kutoka jasho.

Mfano uliowekwa wazi kuliko yote ni wa Daudi, 2 Samweli 11. Watu wengi wakiulizwa alianguka wapi husema, "Alipomwona Bathsheba anaoga." Soma taratibu. Ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, yeye amewatuma wengine na kubaki Yerusalemu. Jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya dari ya nyumba ya mfalme. Anaona. Anatuma watu waulize ni nani. Anajibiwa: ni mke wa Uria. Anatuma wajumbe, wanamchukua.

Hesabu milango hapo. Angeweza kwenda vitani. Angeweza kushuka darini. Angeweza kuona na asiulize. Hata baada ya kuuliza, lile jibu "mke wa Uria" lilikuwa bado mlango, maana Uria alikuwa mmoja wa mashujaa wake mwenyewe. Kila mlango ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia, lakini ulikuwepo. Paulo anaposema katika 1 Wakorintho 10:13 kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na "mlango wa kutokea", wengi tunautazamia dakika ya mwisho, kama muujiza. Ukurasa wako utakuonyesha kwamba mingi uliipita ukiwa unafikiria mambo mengine.

Sasa wangu. Tendo: asubuhi simu inalia, nami nasema "niko njiani" huku taulo liko kiunoni. Nusu saa kabla: nazunguka chumbani bila haraka, najidanganya kuwa muda upo. Usiku uliotangulia: nimelala saa saba za usiku. Jioni: mtu wa pili ameniomba tuonane asubuhi ile ile, nikamkubalia, huku nikijua kabisa nimeshaahidi kwingine. Kwa nini nilikubali? Kwa sababu sipendi kuonekana mtu mgumu.

Basi miaka yote nilikuwa naomba Mungu aulinde ulimi wangu asubuhi, na ugonjwa ulikuwa jioni, kwenye kutaka kupendwa na kila mtu. Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Tamaa yangu haikuwa uongo. Uongo ulikuwa mtoto wake tu.

Onyo. Usiishie kwenye mtu mwingine. "Mke wangu alinijibu vibaya" inaweza kuwa kweli, iandike, halafu panda juu zaidi. Ngazi ya juu kabisa lazima iwe na jambo ulilolifanya au kuliacha wewe.

Fanya hivi kwa maanguko matatu tofauti. Utajua umefanikiwa pale kurasa tatu zitakapoanza kufanana: saa ile ile, chumba kile kile, uchovu ule ule, au mtu yule yule ambaye ukiachana naye huwa umeshaharibika. Zungushia duara mahali zinapokutana. Hapo ndipo utakapofanyia kazi wiki zote nne.

## Hatua ya 3: Hamisha mapambano yaende kwenye lile duara

Kama duara limeangukia "simu kitandani baada ya saa nne usiku", simu ilale chumba kingine. Kama limeangukia "fedha za watu ziko mfukoni mwangu peke yangu", kuanzia wiki hii zihesabiwe na wawili na zisilale kwako. Kama ni "kubaki nyuma na fulani baada ya kikao", toka kikao kinapoisha. Kwangu ilikuwa kujizoeza sentensi moja jioni: "Kesho asubuhi nimeshaahidi, tufanye kesho kutwa."

Yote hayo ni mambo madogo, na udogo wake ndio unaowafanya watu wa kiroho sana wayadharau. Wanasema, "Mimi nataka kubadilishwa moyo, si kuhamisha simu." Lakini Warumi 13:14 inasema tumvae Bwana Yesu Kristo, na hapo hapo, katika sentensi ile ile, tusiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake. Anayeomba moyo mpya huku akiacha kuni na kiberiti mahali pale pale anajichezea.

Yusufu alilijua hili. Katika Mwanzo 39:10 mke wa Potifa alisema naye siku baada ya siku, naye hakukubali kulala naye *wala kuwa pamoja naye*. Alikataa vitu viwili, na cha pili ndicho kilichokisaidia cha kwanza.

Maonyo ni mawili. Badiliko liwe la kitu kinachoshikika, saa, mahali au mtu. "Nitakuwa makini zaidi" si badiliko. Na usiligeuze kuwa sheria ya kanisa zima: simu yako kulala sebuleni ni dawa yako, jirani yako ana ugonjwa mwingine.

Hatua hii imekamilika ukishabadilisha kitu ambacho mgeni akiingia nyumbani mwako au ofisini mwako angeweza kukiona kwa macho.

## Hatua ya 4: Andaa maneno kabla hujaulizwa

Kuna uovu unaotoka ndani, na kuna unaoletwa mezani kwako na mtu mwingine, mara nyingi mtu unayemheshimu. Kwa huo wa pili, kinachotuangusha ni kukosa la kusema. Tunashtuka, tunacheka kidogo, tunakubali.

Danieli "aliazimu moyoni mwake" asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, kabla sahani haijafika. Ila angalia alivyolisema: hakumhubiria yule msimamizi wala hakumtukana mfalme. Aliomba kwa adabu, akatoa njia nyingine, wajaribiwe siku 10. Hiyo ndiyo namna nzuri ya kukataa ninayoijua: fupi, ya heshima, na yenye mlango kwa yule anayekuomba pale inapowezekana.

Tuseme mkuu wako ameweka karatasi mbele yako inayosema mzigo umepokelewa wote, nawe hujauona.

"Wewe saini tu, tutarekebisha baadaye."

"Mkuu, nisamehe, siwezi kusaini nisichokiona. Nipe nusu saa nikahesabu, nikirudi nasaini idadi nitakayoikuta."

"Kwani huniamini?"

"Nakuamini, mkuu. Lakini jina hapo chini ni langu."

Basi. Usiongeze aya ya tatu. Kadiri unavyojieleza ndivyo unavyompa pa kushika. Yusufu alitoa sababu yake mara moja, "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?", na siku zilizofuata hatusomi hotuba nyingine, tunasoma tu kwamba hakukubali.

Andika sentensi yako kwenye daftari, halafu itamke kwa sauti. Narudia, kwa sauti, mlango umefungwa, mara tano. Kusoma kimya hakutoshi, kwa sababu siku yenyewe ulimi ndio utakaokuwa mzito. Na kwa vishawishi vya ndani fanya vivyo hivyo kwa mstari mmoja wa Maandiko unaogusa dhambi yako hasa. Nyikani Bwana Yesu alijibu mara tatu, na mara zote tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kila jibu likilenga jaribu lililokuwa mbele yake. Ukiwa na mistari 20 ya jumla kichwani huku huna hata mmoja unaohusu jambo lako, utabaki unapekua.

Onyo ambalo wahubiri huliruka. Kukataa kunaweza kukugharimu. Yusufu alikataa akaenda gerezani, hakupandishwa cheo wiki iliyofuata. Usikatae uovu kwa kutarajia malipo ya haraka, yasipokuja utajiona mjinga na mara ya pili utasaini. Kama unajua hatari ipo, weka kumbukumbu ya ulichoombwa na tarehe yake, na mtu mmoja wa kuaminika aijue mapema.

## Hatua ya 5: Mwambie mtu mmoja

Yakobo 5:16: "ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi". Hakuna hatua inayorukwa kuliko hii, na sishangai.

Sababu ya kuihitaji ni kwamba dhambi inayojirudia huishi kwa siri. Ukishaitamka mbele ya uso wa mtu mmoja aliyetulia, haipotei, ila inapungua ukubwa.

Mtu huyo awe ametunza siri yako ndogo kabla hujampa kubwa. Awe wa jinsia yako ikiwa jambo ni la mwili. Asiwe mwenye udhaifu ule ule ambao bado anaugulia, mtafarijiana mpaka mzame wote wawili. Na asiwe kundi zima la maombi. Ninyi mnajua jinsi "tumwombee ndugu yetu" inavyosafiri.

Usimwachie abuni cha kuuliza. Mpe swali lenyewe na siku yake: "Kila Jumamosi niulize, fedha za kikundi zimehesabiwa na nani?" Swali la jumla kama "unaendeleaje kiroho?" litajibiwa kwa jumla, "Tunamshukuru Mungu", na hapo wote wawili mmepoteza muda.

Mambo mengine yanazidi rafiki. Pombe au dawa zilizokwisha kuufunga mwili zinahitaji tabibu pamoja na maombi, na kumwendea tabibu si upungufu wa imani. Kama kuna mtu anaumizwa, hasa mtoto, hilo si la kuungamiana kimya kimya, ni la kupelekwa kwa wenye mamlaka ya kumlinda leo. Na kama wewe ndiye unayetendewa uovu, usiutumie mwongozo huu kujitafutia kosa.

## Hatua ya 6: Dakika yenyewe

Pamoja na yote hayo, dakika itafika. Kwanza jua ni jaribu la aina gani, maana Maandiko hayatoi amri moja kwa yote. Yakobo 4:7 inasema mpingeni Shetani naye atawakimbia. 1 Wakorintho 6:18 inasema ikimbieni zinaa. Sisi huwa tunabadilisha: tamaa tunasimama tukibishana nayo kwa hoja, na mtu anayepaswa kuambiwa "hapana, hii si haki" tunamkimbia kwa kuzima simu.

Kwa hiyo, ikiwa ni tamaa ya mwili, miguu kwanza. Simama, toka chumbani, acha vazi nyuma ikibidi, kama Yusufu aliyemwachia mke wa Potifa vazi lake akakimbia. Omba ukiwa unatembea. Petro alipoanza kuzama hakufanya maombi marefu, alisema "Bwana, niokoe," na yalitosha. Kisha mpigie yule mtu wako, hata kama utamwambia tu, "Niko nje, natembea."

Ikiwa ni mtu anayekushawishi kutenda udhalimu, usikimbie. Baki, tamka ile sentensi uliyoizoea, nyamaza. Ukimya utakaofuata utakuuma. Usiujaze.

Ikiwa ni hasira, hesabu ni rahisi: chochote unachotaka kukiandika au kukisema sasa, kitakuwa bado kinasemeka kesho asubuhi. Kikiwa hakisemeki kesho, hakikustahili leo.

Usitegemee kujisikia mshindi. Mara nyingi utajisikia mtu aliyekosa kitu. Wimbi hupanda, hukaa kidogo, hushuka. Likishashuka andika tarehe kwenye daftari na neno moja, "limepita".

## Hatua ya 7: Usiiache nafasi tupu

Waefeso 4:28 haiishii kwa "mwibaji asiibe tena". Inaendelea: afanye kazi kwa mikono yake, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji. Mkono uliochukua unafundishwa kutoa. Msengenyaji amtafute yule aliyekuwa akimsema, amsifie kwa jambo la kweli mbele ya wasikilizaji wale wale. Saa ile ya hatari uliyoizungushia duara ipangiwe kazi nyingine yenye jina. Ikibaki tupu, nyumba imefagiwa na kupambwa kwa ajili ya wale pepo saba wa Mathayo 12, ambao pepo aliyetoka huwaleta anaporudi na kuikuta tupu.

## Hatua ya 8: Ukianguka, saa ya kwanza

Pengine utaanguka ndani ya wiki hizi nne. Kinachoamua ni saa moja inayofuata.

Usingoje Jumapili. Usijipe siku tatu za "kujiadhibu" kabla hujaomba, wengi huzitumia kurudia, kwa kuwa wameshachafuka. Ungama pale pale, 1 Yohana 1:9 haina muda wa kusubiri. Mwambie mtu wako kabla hujalala. Kisha rudi Hatua ya 2 na uandike nyayo za anguko hili. Yuda aliyemsaliti Bwana na Petro aliyemkana walianguka usiku mmoja na wote wawili waliumia sana. Yuda alijitenga akaenda peke yake. Petro alilia kwa uchungu, lakini siku ya tatu tunamkuta yuko pamoja na wenzake.

Kama kuna mtu uliyemdhulumu, toba ina mguu wa pili. Torati ilitaka aliyedhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo mtoza ushuru alikwenda mbali zaidi, akarudisha mara nne. Rudisha, hata kwa awamu. Onyo: usimwendee mtu kumwungamia mawazo mabaya uliyokuwa nayo juu yake ambayo hakuyajua. Hapo unautua mzigo wako kwenye kichwa chake.

## Utajuaje kama inafanya kazi?

Usipime kwa siku ulizokaa bila kuanguka. Pima kwa ule ukurasa. Wiki ya kwanza utashtuka ukiwa umeshatenda. Wiki ya pili utashtuka katikati. Kisha siku moja utajikuta umesimama juu kabisa ya ngazi, jioni, mambo yakiwa bado mepesi, ukasema "hapa ndipo huanzia", ukageuka. Watu hawaitolei ushuhuda hiyo kwa sababu haina kishindo. Jaribu lenyewe litarudi, hata Ibilisi alipomwacha Bwana alimwacha kwa muda tu, kwa hiyo daftari lisitupwe. Wiki nne zikiisha, fungua ukurasa mpya, chagua dhambi ya pili, anza na jina lake.

Mimi wiki ya tatu nilichelewa tena, taulo kiunoni, simu ikalia. Nikavuta pumzi, nikasema, "Ndugu yangu, sijatoka bado. Nipe dakika 40, naomba unisamehe." Upande wa pili kukawa kimya mpaka nikadhani amekata.

"Afadhali," akasema. "Hata mimi ndiyo kwanza naamka."